Meneja Hataki Kula

Jumapili, 18 Mei

Mama mkwe ameondoka. Wifi kaja kumchukua kwa gari, wamekwenda mjini kwake, kwenye hospitali ya macho. Mtoto wa jicho. Jicho la kulia kwanza, la kushoto litangoja zamu yake.

Na ufunguo wa chumba chake kanipa mimi! Si mume wangu, mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa amesimama pale pale na mkono ameshaunyoosha. Mimi! Tangu ahamie chumba cha nyuma hapa kwetu sijawahi kuvuka kizingiti chake. Nagonga, napokea sahani, narudi. Nikipika, ananusa kwanza. Nikimfulia shuka, anazifua tena. Ananiita "bibie", kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Leo kaniwekea ufunguo kiganjani, akanifumba vidole kwa mkono wake. Kasema huyu mwanawe atasahau hata kujilisha mwenyewe, lakini wewe bibie, ukishika kitu unakishika.

Mume wangu kanuna mpaka saa ya chakula.

Ninayeachiwa ni Meneja. Samaki mmoja, tangi zima la kioo ni lake peke yake. Mpana kama sahani, mweusi, madoa ya rangi ya chungwa, na sura ya mtu aliyeletewa chai ya baridi. Mama mkwe alishona sare kiwandani miaka mingi, na meneja wao alikuwa na ofisi ya kioo, kutwa amesimama humo anawatazama washonaji. Alipoletewa huyu samaki na kuona anavyokodoa macho, hakuhangaika kutafuta jina.

Maagizo: vidonge vya chakula asubuhi, kamba wa baharini jioni. Maji nisiyaguse. Nikaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeyagusa.

Jamani, lile tangi! Mawe yana utelezi, filta imejaa tope la kahawia, kioo kina ukungu wa kijani. Mimi kutwa niko kliniki ya meno nachemsha vyombo, kila kinachoingia mdomoni mwa mtu kimepita kwenye mvuke. Nimlaze mzee wa watu kwenye uchafu ule? Nikamhamishia Meneja kwenye ndoo. Mawe nikayachemsha kwenye sufuria kubwa. Filta nikaisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka ikarudi nyeupe. Maji yote mapya. Sasa tangi linang'aa kama sinki la Daktari!

Mama mkwe akirudi, jicho jipya, kitu cha kwanza kukiona kiwe hiki. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Alhamisi, 22 Mei

Meneja hali kitu.

Jana nilidhani ameshiba. Leo kidonge kimempitia mbele ya pua, kakitazama kinashuka, kageuka ukutani. Kamba vilevile. Rangi imempauka, mapezi kayakunja ubavuni.

Mama mkwe kapiga simu jioni. Upasuaji umeahirishwa, presha imepanda. Wifi kachukua simu, kanong'ona: chonde, msimpe habari yoyote ya kumshtua, presha isiposhuka hawamgusi. Kisha simu ikarudi kwa mwenyewe.

Anakula?

Nikasema anakula, mama.

Limetoka lenyewe. Nimebaki nimeshika simu kama mwizi.

Jumapili, 25 Mei

Bado. Mume wangu anasema huenda amefunga. Nimemwambia aende akatengeneze friji zake.

Simu. Anakula? Anakula, mama.

Jumatano, 28 Mei

Nimepiga moyo konde, nimekwenda duka la samaki wa mapambo, lile karibu na posta. Mwenye duka nimempa jina la Mapovu, kwa mapampu yake yote yale na kwa maneno yake. Ukimuuliza saa atakuanzia na historia ya jua. Lakini anajua kazi yake.

Nimemweleza. Kanisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye sufuria.

"Mawe umeyafanyaje?"

"Nimeyachemsha."

"Na filta?"

"Maji ya moto."

Kakaa kwenye kigoda chake, kakamata paji la uso. Yaani ule utelezi niliouona uchafu ndio uliokuwa unamwekea Meneja nyumba safi! Ni vijidudu, vinakula kinyesi chake, vinafanya maji yasigeuke sumu. Nimeviua vyote kwa mvuke, halafu nikajipongeza kwa chai. Mapovu kasema, dada, umemsafishia mpaka umemwondolea choo.

Basi ni mimi. Si ugonjwa, si umri, si kumkumbuka mama mkwe. Mimi na usafi wangu. Nimetembea mpaka nyumbani sioni njia.

Nimepewa mawe machafu kutoka kwenye matangi yake — machafu, nimeyabeba kwa heshima! — na dawa ya maji. Maji nibadilishe kidogo kidogo kila siku. Na kwa kuwa Meneja amedhoofu, nimlishe kwa nguvu: bomba la sindano bila sindano, mpira laini mwembamba mbele yake, kamba wa kusagwa. Unamfunga kwa taulo bichi, unamfunika jicho, unapenyeza mpira kwa upole mpaka kooni, unasukuma polepole, unamrudisha majini. Mapovu kanionyesha kwa kutumia kandambili. Kailaza kwenye taulo, kaifunika, kailisha, kaipongeza. Wateja wawili walikuwa wanangoja na hakuna aliyecheka ila mimi.

Alhamisi, 29 Mei

Leo kazi imefanyika!

Daktari kanipa bomba na mpira bila kinyongo. Kauliza nani huyo hataki kufungua mdomo. Nikasema Meneja. Kasema mameneja wote ndivyo walivyo.

Nikampanga mume wangu: yeye ashike, mimi nisukume. Kumbe anaogopa samaki! Miaka yote hii sikujua. Mwanaume anayebeba friji mgongoni ghorofa tatu, kasimama mbele ya tangi anafuta viganja kwenye suruali. Kasema samaki wa kwenye sahani hana neno, huyu ananiangalia. Nikamwambia ndiyo maana tunamfunika jicho. Kauliza, na mimi langu nani atanifunika?

Mara ya kwanza Meneja kapiga mkia mmoja tu, mume wangu yuko mlangoni, taulo liko sakafuni, Meneja karudi majini mwenyewe, na kamba wa kusagwa yuko kwenye dari. Kwenye dari! Sijui hata ilikuwaje. Mara ya pili mume wangu kafumba macho yake mwenyewe badala ya la samaki. Mara ya tatu nikamkaripia kwa ile sauti ya kazini, ninayowapigia wanaume wazima wanaong'ang'ania mikono ya kiti: "Tulia. Pumua. Inaisha sasa hivi." Wote wawili wakatulia.

Mpira ukaingia. Nikasukuma. Kimeshuka! Kidogo, lakini kimeshuka. Kingine kakitema, kimetoka matamvuani kama moshi. Kamwangalia mume wangu kupitia kioo kwa chuki ya waziwazi.

Tumekula chakula cha jioni tumesimama, tunacheka kama watoto. Dari nitaifuta kesho.

Ijumaa, 30 Mei

Leo kamba ameshuka wote, bila vita! Siri: jeli ya ganzi.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Kliniki hatumtii mtu chochote mdomoni bila kumpaka kwanza ile jeli ya mafuta ya karafuu, na kichupa chake kinashinda kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikapaka kidogo kwenye ncha ya mpira, nikaingiza, Meneja kimya. Mgonjwa wa mfano. Mume wangu kafumbua jicho moja, kauliza tumeshaanza? Tumeshamaliza!

Mbona sikulifikiria jana? Kiumbe anatiwa mpira kooni mkavu mkavu. Hata kama ni samaki, ana koo.

Simu. Amekula? Nikasema amekula, mama — na safari hii ni kweli tupu! Ukweli mtamu jamani. Kauliza amekula nini. Kamba, mama, wa kusagwa.

Akarudia neno langu.

Wa kusagwa? Kwani meno yake yamekwenda wapi?

Nikasema nimemdekeza tu. Kisha kasema, usimdekeze, bibie.

Jumapili, 1 Juni

Kila siku anakuwa mpole zaidi. Mume wangu sasa anamshika huku anapiga mluzi. Chumba chote kinanukia karafuu, unaweza kudhani tunaoka biskuti.

Jambo moja silielewi. Maji yako sawa, Mapovu kayapima, kasema safi. Mapezi yamefunguka. Asubuhi, kabla ya mpira, Meneja anaukodolea mkono wangu kama zamani. Nikadhani amepona, nikamtupia kamba mzima. Lakini nilimtupia baada ya kumlisha, ili iwe kitindamlo. Kaja, kafungua mdomo, kamchukua, nikaruka — halafu kamba kadondoka. Kamchukua tena. Kadondoka tena. Kama mtu anayekunywa chai baada ya kung'olewa jino.

Maskini, koo bado linamuuma. Kesho nitaongeza jeli.

Jumatatu, 2 Juni

Niandike kabla sijalala.

Niliongeza jeli. Tulimlisha, tukamrudisha majini, na Meneja kalala ubavu. Kisha tumbo juu. Matamvua hayachezi.

Mume wangu kavua kofia.

Nikapiga ukelele, usivue kofia! Nikamtia mkono Meneja, nikamweka wima, nikimwachia anapinduka. Nikaanza kulia, sikuona haya. Nikasema nitamwambia nini mama, kanipa ufunguo, mara moja tu katika maisha yake kanipa kitu nimshikie. Mume wangu, yeye aliyekuwa anaogopa, kakunja shati, kaingiza mikono yote miwili, kamshika Meneja, kamwelekeza mdomo kwenye mapovu ya pampu. Kamshikilia hapo. Anamwendesha mbele taratibu, anarudi naye, anamwendesha tena, maji yapite matamvuani. Anamsemesha. Kaka, amka. Kaka, mama anarudi, tutasema nini.

Sijui imechukua muda gani. Chai ilipoa, ikapata utando.

Tamvua moja likacheza. Kisha la pili. Kisha mkia ukampiga mume wangu kofi la mkono, na kwa mara ya kwanza hakukimbia. Kacheka mpaka akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika.

Nampenda mwanaume huyu. Sijaliandika siku nyingi, basi naliandika.

Jumanne, 3 Juni

Mapovu hana hata huruma. Nilipotaja karafuu kasimama, kazunguka duka zima, karudi. Mafuta ya karafuu, dada! Ndiyo wanayotumia kuwalaza samaki usingizi wakitaka kuwapasua! Kumbe siku zote hizi sijamlisha mgonjwa mpole. Nimemlisha mlevi. Na yule kamba aliyekuwa anadondoka, ni kwa sababu mdomo ulikuwa umekufa ganzi, hausikii kitu!

Kliniki nimemsimulia Daktari. Alikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi. Daktari kaweka vyombo chini, kaegemea ukuta, kacheka mpaka barakoa ikalowa. Mgonjwa naye anacheka kwa koo, haa, haa, mate yanamtoka. Siku nzima wananiita Daktari wa Samaki.

Agizo jipya la Mapovu: bomba liwekwe kando. Aachwe apumzike, maji yabadilishwe, ganzi imtoke yote. Kisha apewe kamba mzima, kwa mkono. Akila, amepona. Akikataa, ameshazoea kutiwa chakula na mtu, na hapo ni shida nyingine. Ametaja shida hiyo kwa sauti ya chini, na Mapovu hana sauti ya chini.

Alhamisi, 5 Juni

Amefanyiwa! Presha ilishuka, jicho la kulia limekwisha, salama salimini. Wifi kasema mgonjwa kawagombeza manesi kwa kutandika vibaya, basi mzima kabisa.

Anarudi Jumamosi.

Jumamosi hii!

Jicho la kulia litakuwa na kifuniko, la kushoto ndilo lile bovu, linaona vivuli tu. Mume wangu kasema basi hatamwona Meneja vizuri, tumepata nafasi. Nikamtazama. Kasema alikuwa anatania. Hakuwa anatania, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaliwaza kabla yake.

Madirisha ya chumba cha nyuma yote wazi. Harufu haitoki.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye kitanda cha mama mkwe, daftari gotini. Mwenyewe yuko ubavuni mwangu. Kauliza naandika nini, nikasema habari za mgonjwa. Kasema andika, lakini macho yasitoke kwenye tangi.

Nianze mwanzo, upesi.

Kafika saa nne, kitambaa kimefungwa kichwani vizuri, kifuniko cha plastiki jichoni, mkono mmoja kwa wifi. Kakataa kukaa sebuleni. Kakataa chai. Moja kwa moja chumba cha nyuma. Kasimama katikati ya chumba, kainua pua.

"Nani ameumwa jino humu ndani?"

Mume wangu kakumbuka friji ya jirani. Kapotea! Wifi kamfuata nje kumuuliza kuna nini. Tukabaki wawili. Watatu, na Meneja.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Alhamisi, la mishumaa ya manukato, zuri kabisa. Nikamtazama amesimama pale, mikono kainyoosha kidogo mbele, anatafuta kioo chake. Jibu nikaliacha.

Nikasema yote. Sufuria, mawe, bomba, dari. Karafuu. Mwanawe na mikono yake kwenye mapovu. Kamba anayedondoka. Na zile simu.

Kakaa kitandani. Pampu inanguruma. Nikautoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya shuka karibu na mkono wake.

"Ulimtia ganzi Meneja," kasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama wanavyomtia mtu anayeng'olewa jino."

"Ndiyo, mama."

Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikapiga magoti. Kumbe kicheko! Kicheko kikubwa, sikuwahi kukisikia toka kwake, kashika kifuniko kwa mkono mmoja asidhuru jicho, mkono mwingine ananipiga bega. Anasema, miaka yote ile kiwandani tuliomba mtu amtie yule ganzi! Akapumua, akafuta jicho bovu, akaanza upya.

Kicheko kikaisha. Kasema siku ile ya kamba wa kusagwa alijua. Hakuna mtu anayemsagia chakula samaki mzima. Alijua, na siku zilizofuata aliendelea kuuliza amekula, nami nimjibu amekula, kwa sababu usiku wa kuamkia kisu alitaka mtu amwambie hivyo.

"Lakini sasa nimerudi," kasema. "Sasa sitaki kubembelezwa."

Kaniomba nimletee kamba. Mzima. Kamshika mkia kwa vidole viwili, kaupapasa ukingo wa tangi, kaingiza mkono majini mpaka kifundo. Mimi kanikalisha hapa. Kasema yeye haoni ila weusi unapita kwenye mwanga. Mimi nimtazamie. Nimwambie ninachokiona, si anachotaka kusikia.

Basi natazama.

Meneja yuko nyuma ya jiwe. Nimemwambia: yuko nyuma ya jiwe.

Anatoka. Nimemwambia.

Anasimama, anautazama mkono. Mama mkwe kauliza anatazama vipi. Nikasema kama anayetaka kujua kwa nini umechelewa kazini. Kacheka bila sauti, maji hayakutikisika.

Ule ufunguo bado uko juu ya shuka kati yetu. Hajaugusa. Nilijaribu kuusogeza kwake kwa kidole, kaurudisha kwangu bila kugeuza kichwa. Sijui kauonaje.

Anasogea. "Anasogea, mama."

"Karibu?"

"Karibu. Bado."

Mume wangu yuko mlangoni, kofia mkononi. Nimemwashiria aivae.

Mdomo umefunguka. Amemchukua! Amemvuta, vidole vya mama mkwe vimebaki vitupu majini, kavifumba, kageuza uso kwangu na kile kifuniko, anasubiri. Haulizi. Mkono mwingine kaniwekea juu ya goti, ananibana.

"Yuko mdomoni, mama," nimesema. "Hajameza."

"Sema ukiona."

Kamba yuko mdomoni, mkia unaning'inia nje. Siku ile alidondoka hapa hapa. Meneja anatutazama. Matamvua yanacheza. Mkia wa kamba umeingia kidogo, au nimetaka uingie, sitasema mpaka nione.